Ua la Chini ya Sahani

Rahaleo, Mtwara
8 Septemba 2024

Kwa binti yangu Mwanaidi, ambaye pia ni shangazi yangu,

Kabla ya salamu pokea habari njema: tangu upande basi, mwanamume mwenye tumbo hapa Mtwara nimebaki mimi peke yangu. Juzi kwenye harusi ya mtaa wa pili nilimaliza sinia la pilau la watu wanne. Wenzangu watatu waliishia kunawa mikono. Mpishi aliacha masufuria yake akaja kunitazama, akanipa mkono, akaniuliza, "Kijana, wewe umezaliwa na nani?" Nikamwambia mimi sikuzaliwa, mimi nilipakuliwa. Kwa hiyo lile tumbo lako walilolikata usilisikitikie, limerudi nyumbani na limeingia kwangu.

Haya, shikamoo Shangazi. Mwanao Husna hajambo? Huku wote wazima. Baba na Mama wako Mpapura wanafyeka chini ya mikorosho. Bibi anaumwa pale tu anapoitwa kufanya kazi. Mdogo wangu Ismaili anatangaza kwamba Desemba akiingia jandoni hatalia. Nimemwambia hata mimi nilitangaza. Nyumba yako ipo, kuku wapo, na yule jogoo wako mwekundu bado anawika saa anazotaka yeye.

Usinune kwa kuitwa binti. Wewe ndiye uliyenizoesha, tangu natambaa unaniita Baba, eti kwa kuwa nimebeba jina la marehemu baba yako. Sasa baba amekua, ameota ndevu saba, na ana maswali.

Umekataa tuyazungumze kwenye simu kwa sababu yangu haisikiki bila spika, na ya Bibi akiipokea mpaka mbuzi wanajibu. Sawa, nimenunua karatasi, na barua atakuletea kondakta. Lakini niambie kweli. Hao madaktari wamefanya nini humo ndani? Unaumwa? Huku wote wanajua umekwenda kumsalimia Husna, na hawatajua zaidi. Siri ikiingia kwangu imeingia kisimani, tena kisima chenye mfuniko.

Mimi baba yako,
Salumu


Dar es Salaam
22 Septemba 2024

Baba yangu Salumu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui kondakta aliiweka wapi. Husna anakusalimu. Anasema mwandiko wako umefanana na kuku aliyekanyaga masizi. Salamu kwa kaka yangu Mohamedi, kwa wifi yangu Hadija, na kwa mama yangu Bi Riziki, ila usimwambie neno.

Hawakulitupa tumbo langu, mwongo wee. Limo humohumo, limelala. Wametenga kipande kidogo cha juu, ukubwa wa yai la kuku, wakakiunganisha na utumbo wa chini, na chakula changu sasa kinapita njia hiyo mpya. Nje nina vitundu vitano vidogo, vimeshafunga. Napewa supu iliyochujwa na uji mwepesi, vijiko vichache nimeshiba. Mimi, Mwanaidi, nimeshiba kwa vijiko! Nilicheka nikalia.

Unauliza kama naumwa. Siumwi, naogopa. Daktari aliniambia kiungo kipya kinaweza kuvuja. Ukiona homa, moyo kwenda mbio, bega kuuma, au kutapika kusikoisha, njoo, usingoje kukuche. Tangu siku hiyo nimekuwa askari wa mwili wangu mwenyewe. Bega likiwasha, nakaa kitako kitandani nasikiliza. Kumbe mbu. Lakini kisukari kilikuwa kinanimaliza, na magoti yalikuwa yananililia, wewe ulikuwa unanisikia nikipanda ngazi tatu za barazani. Nilichagua hofu ya mwezi kuliko hofu ya maisha.

Kinachonikosesha raha ni Desemba. Ismaili akitoka jandoni kuna sahani ya shangazi. Unaijua. Mama yako atanipakulia kwenye ile sahani ya bati yenye ua jekundu, ugali mlima mzima na kuku juu, nami nile mbele ya watu mpaka ua la chini lionekane. Ua lisipoonekana, nina kinyongo na wifi yangu, na mkosi ni wa mtoto. Kwa jando lako nilisafisha sahani nikaomba nyingine, watu wanasimulia mpaka leo. Nikiila sasa, naweza kupasuka. Nisipoila, nimemtukana Hadija mbele ya kijiji. Na nikieleza sababu, watasema Mwanaidi kaudharau mwili aliopewa na Mungu, kalipia kisu. Kwetu unene ni neema, baba, unalijua hilo.

Fikiri, wewe mwenye ndevu saba.

Mwanao,
Mwanaidi


Mpapura
3 Oktoba 2024

Binti yangu,

Shikamoo tena. Naandika nikiwa Mpapura, nimekuja kuwasaidia kuokota korosho. Zimeanza kuanguka vizuri, na mabibo yamejaa mpaka mbuzi wanatembea kama walevi. Baba anasema naokota kuliko watu watatu. Hakusema, lakini nilimwona akifikiri.

Nimefikiri, na kazi nimeimaliza. Pamoja na barua hii utapokea chupa, nimeizungushia nailoni mara nyingi. Ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Kila mtu anajua inafunga jeraha, hata la ndani. Ukinywa hiyo, kiungo chako kitashika kama kuta za boma la Wajerumani pale Mikindani.

Na usifikiri nimeipata kirahisi. Ni ya Mzee Zuberi, na Mzee Zuberi hauzi asali ya dawa. Lazima umwambie mgonjwa ni nani na jeraha liko wapi, ndipo anaisomea dua na kuikamua. Najua moyo umekuruka hapo! Tulia. Nilimwambia mgonjwa ni mimi, nimejikata mguu kwa panga. Nikachechemea uwanja mzima, nikaugulia, hata kuku wake walinipisha. Mwigizaji kama mimi hajazaliwa kusini yote.

Kunywa kikombe. Sahani tutaizungumza ukishapona.

Baba yako mchechemeaji,
Salumu


Rahaleo, Mtwara
27 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Kondakta anasema chupa aliikabidhi mikononi mwa Husna. Nimempigia Husna, akasema "Mama amelala," akakata. Watu hawalali mchana wiki nzima.

Jogoo hajambo. Mimi nami hajambo, yaani sijambo.

Andika hata mstari.

Salumu


Dar es Salaam
5 Novemba 2024

Baba yangu,

Marahaba, na usiniandikie tena barua fupi namna ile, ilinitisha kuliko ugonjwa. Natumaini kaka, wifi na Mama wazima. Korosho zinaendeleaje?

Asali ilifika. Ilikuwa tamu, na nilivyokumbuka imesomewa dua, nilitia kikombe cha chai nikanywa chote, kwa imani. Kabla hata sijaosha kikombe, moyo ukaanza kukimbia, Salumu, kama mtu aliyeiba. Jasho likanitoka mpaka kitenge kikagandia mgongoni. Miguu ikatetemeka, tumbo likanguruma, choo nikakifikia kwa rehema za Mungu. Nikasema basi, ndiyo hii, imevuja. Nikaanza kumuusia Husna: khanga zangu mpya agawe, jogoo asichinjwe. Husna hakungoja wosia uishe, alinifunga kitenge akanipeleka hospitali.

Daktari alinipima, akanipiga picha, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia asali. Kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mikono. Akageukia ukutani. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akasema, "Mama, tumbo la zamani lilikuwa ghala, sukari ilikuwa inatoka kidogokidogo. Sasa ghala tumeliruka. Umemwaga kikombe cha sukari moja kwa moja kwenye utumbo." Hakuna kilichovuja. Nilipumzishwa, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Vitamu sasa marufuku, hata soda, hata ya mgeni.

Sikuandika kwa sababu nilijua utajilaumu. Usijilaumu, ila chupa sitaki tena.

Lililobaki ni nywele. Zinatoka. Nikichana, kitana kinajaa. Daktari anasema hutokea miezi hii, na zitaota nikila samaki na mayai na kumeza vidonge vya vitamini kila siku, maisha yangu yote. Vidonge vyenyewe vikubwa kama mbegu za fenesi. Siku nyingine nasahau. Haya, siku nyingine navificha chini ya mto.

Jambo moja. Wifi yangu ameniletea kwa mkono wa jirani dagaa waliotwangwa wakawa unga, laini kabisa, na salamu kwamba nikoroge kwenye supu. Tangu lini Hadija ananitwangia mimi dagaa? Na ule mguu wako, Mzee Zuberi alitaka kuuona?

Mwanao,
Mwanaidi


Rahaleo, Mtwara
17 Novemba 2024

Binti yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Halafu nikacheka, kwa sababu uliandika kwa mkono wako mwenyewe, na maiti hawaandiki. Lakini nikuambie ukweli kidogo: asali iliyobaki kwangu nimempa jirani. Sikuweza kuitazama.

Bibi anakusalimu, amenituma nikuulize kama Dar kuna joto, kisha kabla sijajibu akasema, "Mwambie ale kidogokidogo, joto halitaki tumbo zito." Mama naye hajambo. Dagaa aliwatwanga kwa sababu amesikia meno ya watu wa Dar mabovu. Usichimbe sana mambo, wewe. Mguu wangu umepona.

Sasa amri. Mimi Salumu, baba yako kwa jina na kwa heshima, nakuamuru utoe vidonge chini ya mto uvimeze. Ukigoma nitakuja Dar nikuchape mbele ya wakwe. Nywele zikiisha zote usijali, tutakufunga kilemba, tutasema umerudi kutoka Uarabuni.

Na sahani nimeipatia ufumbuzi, tega sikio. Siku ile mimi nitakaa ubavuni kwako. Wakiuliza kijana anatafuta nini kwenye mkeka wa kina mama, utasema: huyu ni baba yangu, na baba hula na binti yake. Nani atabisha? Kila mtu Mpapura anakusikia unavyoniita. Wewe utachukua tonge kama yai la njiwa, utatafuna polepole kwa mbwembwe, utazungumza sana kama kawaida yako. Mimi nitashambulia mlima kwa upande wa pili. Watakapogutuka, ua jekundu linawacheka. Tangu asubuhi nitakuwa sijatia kitu kinywani. Sahani haijakutana na mtu kama mimi.

Njoo. Usiogope. Siri iko kisimani.

Baba yako,
Salumu


Dar es Salaam
5 Januari 2025

Baba yangu,

Nimefika salama, magoti hayakulia njia nzima. Mwambie Ismaili kanzu ile ilimpendeza, na kwamba Bibi yake aliniambia alilia. Mwambie pia siyo dhambi.

Jana nilikuwa kliniki. Sukari imeshuka mpaka daktari amenipunguzia dawa, damu imeongezeka, na hakuna kinachovuja. Vidonge nameza. Kichwani vimeanza kuchomoza vinywele vidogo vya kitoto, Husna ana desturi ya kuvipapasa. Alikuwa nayo, niseme.

Bado nauona mkeka ule. Kina mama wamezunguka duara, Ismaili mbele, na wewe umejibana ubavuni kwangu, midomo imekukauka kwa njaa. Hadija akatoka jikoni na sahani ileile ya bati, imefunikwa kawa. Nikasema, leo ndiyo leo. Wewe ukaninong'oneza, "Niachie upande wa mapaja."

Akafunua.

Cha kwanza nilichokiona kilikuwa ua. Lote, Salumu, petali zote na kikonyo chake, linang'aa kama sahani imetoka dukani. Pembeni, kwenye ukingo, tonge moja la ugali laini, ukubwa wa yai, na nyama ya kuku iliyochambuliwa ikawa nyuzi. Basi. Wifi yangu akapiga magoti, akasema, "Kula taratibu, wifi. Tafuna. Leo hatuna haraka na mtu." Mama akapaza sauti, "Ua limeonekana! Mwanangu hana kinyongo!" na vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakakimbilia migombani. Nikala tonge langu, nikalimaliza, machozi na mchuzi pamoja. Na wewe, badala ya kulia na wenzio, ukanivuta kitenge: "Shangazi, mimi sasa nitakula nini?"

Sijawahi kupakuliwa chakula kikubwa kama kile.

Lakini nilivyotulia kwenye basi nikajiuliza. Walijuaje? Hata ukubwa wa yai walijua. Waliokuwa na siri ni wawili, wewe na Husna. Wewe uliniapia kisima na mfuniko. Nilipofika nikamweka Husna kitako, nikamwambia umenianika kwa wifi yangu, mtoto wa kuzaa mwenyewe. Akakana. Nikamwita mwongo. Nilimwambia na mengine siwezi kuyaandika. Sasa hatusemeshani. Asubuhi ananiwekea vidonge na glasi ya maji mezani, anatoka bila neno. Nimepona tumbo, baba, na nyumba imepata jeraha.

Kama ulimsikia Husna akizungumza na mama yako, niambie, nijue nilikuwa sahihi.

Mwanao,
Mwanaidi


Rahaleo, Mtwara
11 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sikuiti binti, utaona kwa nini.

Sote wazima. Ismaili anatembea kifua mbele. Jogoo ameanza kuwika alfajiri kama jogoo wenzake. Yote niliyokuahidi yamekwenda vizuri: nyumba haikuvuja, kuku hawakuibwa, korosho ziliokotwa, wewe hukuvuja. Ukitaka kunisifu una haki.

Lakini ukishamaliza barua hii nenda kwa Husna. Usingoje apite mezani, mfuate chumbani, mwombe radhi. Husna hakusema kitu.

Sikuchechemea, Shangazi. Nilikusudia. Nilifanya mazoezi njia nzima. Nikafika kwa Mzee Zuberi nikiwa tayari kuburuta mguu, akanikalisha, akafumba macho, akanyanyua viganja, akasema, "Taja jina la mgonjwa na jina la mama yake, na mahali pa jeraha." Basi nikashikwa na hofu. Niliwaza: nikitaja mguu wangu, dua yote itakwenda kwenye mguu wangu mzima, nawe utabaki Dar na tumbo lako halina hata amina moja. Na ulishaniandikia kwamba unakaa kitandani unasikiliza bega. Nikaona mguu wenyewe hauna kazi ya dua. Nikasema: Mwanaidi mwana wa Riziki, amepasuliwa tumbo, limefanywa dogo kama yai, anaogopa lisivuje. Nilisema yote. Nililia kidogo pia, lakini hilo Mzee pekee ndiye aliyeliona.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jioni yake nikakuandikia habari za kuchechemea.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Zuberi akasimama akasema kuna mwenzetu mgonjwa mbali, na dua ya mmoja ni nyepesi, tuiongezee uzito. Akakutaja wewe, akamtaja Bibi, akalitaja tumbo, akalitaja yai. Baba alikuwa safu ya mbele. Bibi na Mama walisikia wakiwa nyumbani, wamekaa na korosho zao. Kina mama wote wa Mpapura walikuja barazani jioni hiyo, wakakubaliana wasikuambie mpaka uamue kusema mwenyewe. Mama alifanya mazoezi ya lile tonge siku nyingi, akilipima kwa mayai. Waliyaweka moyoni miezi yote ile. Kijiji kizima kilijua kutunza siri isipokuwa mimi.

Mimi nilikuwa pale msikitini, nikaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote. Ningefanya nini tena?

Ulikataa tuongee kwenye simu kwa kuogopa spika. Shangazi, Mzee Zuberi alikuwa ameshika kipaza sauti cha msikiti.

Salumu